Sinema Sebuleni: Chumba Kidogo Chataka Kipimo Kabla ya Mtambo

Nyumba ndogo ina adabu zake. Kila chombo kinachoingizwa ndani yake hakina budi kujibu maswali mawili: kitakaa wapi, na kitamwondoa nani mahali pake. Kabati jipya huondoa kiti, na kitanda cha mgeni huondoa meza ya kulia chakula. Siku hizi mtambo wa kuonyeshea sinema, yaani projekta, umeshuka bei na kupungua ukubwa hata ukabebeka kwa mkono mmoja. Kwa sababu hiyo nao umeanza kubisha hodi katika nyumba ambazo zamani hazikuufikiria. Yafaa uulizwe maswali yayo hayo kabla fedha za nyumba hazijatoka mkononi.

Batsinda, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa jiji la Kigali, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili. Mwaka 2008 wakazi wengi wa Kiyovu cha chini, eneo lililokuwa karibu sana na katikati ya jiji, walihamishwa ili kupisha ujenzi mpya, na baadhi yao wakapata makazi katika nyumba za gharama nafuu zilizojengwa Batsinda. Nyumba hizo hazikujengwa kwa anasa. Tangu wakati huo mtaa umepanuka, lakini katika nyumba nyingi za namna hiyo sebule bado ni chumba chenye meta tatu hivi kila upande. Katika chumba hicho ndimo familia inamokula, watoto wanamofanya kazi za shule, mgeni anamolala, na wazee wanamopumzika jioni. Mtu akitaka kuongeza sinema humo, anaongeza kazi ya tano juu ya nne.

Hata hivyo, wazo lenyewe si la kuchekwa. Sinema katika Afrika ya Mashariki ilianza zamani kuwafuata watu walipo. Kati ya miaka ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema za elimu wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulipeleka picha vijijini kwa lori lililobeba mtambo na jenereta, ukapita Tanganyika na nchi za jirani. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2005, tamasha la filamu lililoanzishwa na Eric Kabera lilipata jina la Hillywood kwa sababu lilipanda vilima likiwaonyesha wananchi sinema kwenye pazia la kujazwa hewa. Vibanda vya video vya Tanzania, Kenya na Uganda navyo vimewakusanya watu mbele ya picha kwa miaka mingi. Kwa hiyo familia inayotundika pazia jeupe sebuleni inaendeleza desturi ya siku nyingi. Tofauti ni kwamba lori lilikuwa na uwanja mzima, na sebule ina meta tisa za mraba.

PROJEKTA AU TELEVISHENI?

Yafaa jambo hili lisemwe mapema: katika chumba kidogo, televisheni ya kawaida mara nyingi hushinda. Huonekana vizuri taa ikiwaka, ina sauti yake, haihitaji giza, na huwashwa na mtoto bila kusumbua mtu. Familia inayotazama habari na mpira mchana haina sababu ya kununua projekta.

Faida kubwa ya projekta katika chumba kidogo ni kwamba ikizimwa, hutoweka. Televisheni kubwa hutwaa ukuta mzima usiku na mchana, nayo hudai meza yake na uangalizi wa watoto wasiigonge. Pazia la projekta huviringishwa, au huwa ni ukuta mtupu uliopakwa rangi, na asubuhi chumba hurudi kuwa chumba. Kwa nyumba ambayo sebule ndiyo darasa na ndiyo chumba cha kulia, hilo si jambo dogo. Basi familia itakayochagua projekta na ichague kwa sababu hiyo, isiwe kwa sababu jirani anayo.

KAMBA NA KANGA KABLA YA DUKA

Makosa mengi huanzia dukani, pale mnunuzi anapoambiwa kwamba mtambo fulani "hutoa picha ya inchi mia mbili". Maneno hayo yaweza kuwa ya kweli katika ukumbi. Ndani ya chumba cha meta tatu, ukubwa wa picha huamuliwa na umbali uliopo kati ya lenzi na ukuta, na umbali huo hauongezwi na muuzaji.

Kila projekta ina kipimo kinachoitwa uwiano wa masafa. Maana yake ni umbali kutoka lenzi hadi ukutani, ukigawanywa kwa upana wa picha. Kipimo hiki huandikwa katika kitabu cha maelekezo, na mnunuzi ana haki ya kukiuliza kabla ya kulipa. Mathalani, chumba kina urefu wa meta 3. Mtambo wenyewe una urefu wa sentimeta 30, na nyuma yake sharti ziachwe sentimeta 30 nyingine kwa ajili ya hewa na nyaya. Lenzi basi itakuwa meta 2.4 kutoka ukuta wa picha. Ikiwa uwiano ni 1.5, upana wa picha utakuwa meta 1.6 na kimo chake sentimeta 90. Kwa kipimo cha pembe hadi pembe, hiyo ni picha ya inchi 72 hivi. Haifikii inchi mia mbili za dukani, lakini ni kubwa kuliko televisheni za nyumba nyingi.

Ipo mitambo ya masafa mafupi. Yenye uwiano wa 0.5 hutoa picha hiyo hiyo ya meta 1.6 ikiwa sentimeta 80 tu kutoka ukutani, na ile ya masafa mafupi sana, yenye uwiano wa 0.25, huhitaji sentimeta 40. Mitambo ya namna hii huwekwa mbele, chini ya picha, hivyo hakuna anayekatiza mwanga akipita. Walakini bei yake huwa kubwa zaidi, nayo hudai ukuta ulionyooka kabisa, kwa kuwa mwanga wake hupanda kwa mshazari mkali na kila kibonge cha lipu huonekana kama kilima.

Tena, picha kubwa mno ni adha. Mtazamaji akiegemea ukuta wa nyuma wa chumba hicho, macho yake yatakuwa meta 2.4 hivi kutoka kwenye picha. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kukaa umbali wa kati ya mara 1.4 na mara 1.9 ya upana wa picha. Kwa picha ya meta 1.6, mtazamaji huyo yuko mara 1.5, naye amekaa vizuri. Picha ikipanuliwa hadi meta 2, atakuwa mara 1.2 tu, na itambidi ageuze shingo kufuata maneno upande huu na mchezaji upande ule. Baada ya saa mbili kichwa kitamuuma, na lawama ataitupia filamu.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, familia na ichukue kamba na kipimo cha fundi. Ipime urefu wa chumba, iondoe nafasi ya mtambo na hewa, kisha itundike ukutani kanga moja iliyotandazwa. Kanga ina upana wa meta moja na nusu hivi, karibu sawa na picha inayotarajiwa. Kila mmoja akae mahali pake pa kawaida na aitazame kanga hiyo. Ikiwa mlango ukifunguliwa unaikata kanga, au dirisha limeangukia katikati yake, ni heri jambo hilo lijulikane leo, kabla ya kulipa.

MWANGA ULIOANDIKWA NA MWANGA ULIOPO

Nguvu ya mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, maana maboksi ya mitambo ya bei ndogo huandikwa lumeni elfu nyingi bila kutaja zimepimwa kwa utaratibu gani. Mnunuzi na atafute maneno ANSI au ISO 21118 karibu na hesabu hiyo. Asipoyaona, aichukulie hesabu hiyo kuwa ni pambo la boksi.

Habari njema ni kwamba chumba kidogo hakihitaji mwanga mkubwa. Picha ya meta 1.6 kwa sentimeta 90 ina eneo la meta za mraba 1.44, na gizani lumeni 250 hivi za kweli zatosha kuifanya ing'ae kwa kadiri ya ukumbi wa sinema. Familia inayopenda taa ndogo iwake, ili wanaokula waone sahani zao, na itafute lumeni 1,000 au zaidi. Kupita hapo ni kulipia mwanga utakaoumiza macho.

Jambo la pili la kuuliza ni nukta za asili za mtambo. Mitambo kadhaa hutangazwa kwamba "inapokea" picha safi ya nukta 1,920 kwa 1,080, ilhali yenyewe ina nukta 800 kwa 480 tu. Kupokea si kuonyesha. Kwa mtu aliyekaa meta 2.4, tofauti hiyo huonekana wazi, hasa katika maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

KUTA NYEUPE NI ADUI

Katika sebule ndogo, mwanga wa picha hauishii kwenye picha. Hugonga dari nyeupe na kuta nyeupe za ubavuni zilizo karibu, kisha hurudi kwenye pazia na kuifanya rangi nyeusi kuwa ya kijivu. Wengi hudhani mtambo ni dhaifu, wakanunua mwingine wenye nguvu zaidi, na mwanga unaorudi ukazidi. Dawa yake ni kitambaa. Kitenge cha rangi iliyoiva au blanketi jeusi, likining'inizwa pande mbili za picha kwa upana wa meta moja na kuondolewa asubuhi, huiboresha picha kuliko fedha nyingi zilizoongezwa dukani.

Kwa pazia, ukuta uliopigwa lipu laini na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa watosha kabisa. Rangi ya mafuta haifai, kwa sababu hutoa doa la mwanga katikati. Shuka la kitanda nalo halifai sana, kwani hupitisha mwanga na mikunjo yake huonekana katika nyuso za watu. Mwenye kutaka pazia la kuondoka na amwendee seremala amtengenezee fremu nyepesi ya mbao, ivutwe juu yake kitambaa kizito cheupe kisichopitisha mwanga. Mkanda mweusi wa sentimeta tano kuzunguka picha hufanya kingo zake ziwe safi.

Kuhusu giza, Kigali ina bahati yake. Kwa kuwa jiji liko digrii mbili hivi tu kusini ya Ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na saa moja usiku giza limeshatanda. Familia inayotazama baada ya chakula cha jioni haihitaji mapazia mazito kama ya ukumbi, bali ya kuzuia taa ya barabarani na ya jirani tu. Manufaa ya jambo hilo yataonekana zaidi katika habari ya hewa.

MAHALI PA KUUWEKA MTAMBO

Katika chumba cha meta tatu, mahali pa projekta ya kawaida ni ukuta wa nyuma, juu ya vichwa vya waliokaa. Hapo huzuka kosa jingine. Mitambo mingi imeundwa kurusha picha kuelekea juu inapokaa juu ya meza. Ikiwekwa hivyo hivyo juu ya rafu ndefu, picha hupanda darini. Mwenye nyumba huinamisha mtambo, picha ikawa pana juu na nyembamba chini au kinyume chake, kisha hutumia kitufe cha kurekebisha umbo. Kitufe hicho hunyoosha picha kwa kutupa sehemu ya nukta na ya mwanga vilivyolipiwa.

Njia iliyo sawa ni kuugeuza mtambo miguu juu, kuufunga kwa skrubu chini ya rafu katika matundu yaliyowekwa na kiwanda, na kuchagua katika mipangilio yake hali ya darini. Mathalani, mtambo ambao picha yake huanza chini kidogo ya lenzi, ukiwa na lenzi kwenye kimo cha meta 1.9, utaleta picha inayoanzia meta 1.8 hivi na kuishia sentimeta 90 kutoka sakafuni. Aliyekaa kitini ataitazama bila kuinua kidevu, na watoto walioketi mkekani hawatakata mwanga.

Ukuta nao uulizwe kabla ya kutobolewa. Zipo nyumba zilizojengwa kwa matofali ya udongo, na katika ukuta wa namna hiyo skrubu hushika siku chache tu, kisha hulegea pamoja na vumbi lake. Mtambo wenye uzito wa kilo tatu ukiangukia kichwa cha mtoto utaleta msiba. Palipo na shaka, seremala na atengeneze rafu yenye miguu inayosimama sakafuni nyuma ya kochi, ukuta ukitumika kuiegemeza tu. Aidha, watoto wakatazwe kabisa kutazama ndani ya lenzi mtambo unapowaka.

HEWA YA KILIMANI NA VUMBI LA KIANGAZI

Kigali iko juu, na sehemu kubwa ya jiji imepita meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi, nayo hupoza mitambo kwa shida kidogo kuliko hewa ya pwani. Vitabu vya maelekezo vya projekta nyingi husema kwamba kuanzia meta 1,500 mwenye mtambo awashe hali ya mwinuko, ili feni izunguke kwa kasi zaidi. Wengi hawausomi ukurasa huo. Feni huwa na kelele zaidi, ni kweli, lakini taa isiyopozwa hufa mapema.

Kiangazi, tangu Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huingia kila mahali. Kichujio cha mtambo, kama upo nacho, kisafishwe mara kwa mara, na mtambo ufunikwe kwa kitambaa mchana baada ya kupoa. Usiwekwe karibu na mlango wa jikoni, maana moshi wenye mafuta hushika lenzi kuliko vumbi. Masika na vuli huleta radi. Ngurumo zikianza, plagi ichomolewe. Kifaa cha kulinda umeme usiopanda na kushuka kwa ghafla ni bora, lakini hakuna kifaa cha bei ndogo kinachoshindana na radi iliyoanguka karibu. Na mabati yasiyo na dari yakipigwa na mvua, hakuna spika itakayosikika. Usiku huo na uwe wa hadithi.

Umeme wenyewe uhesabiwe. Mtambo wa wati 250 ukiwashwa saa mbili kila usiku hula nusu uniti, yaani uniti 15 kwa siku 30. Mtambo mdogo wa wati 70 hula uniti 4 na kidogo kwa muda huo huo. Nchini Rwanda nyumba nyingi hununua umeme wa Cash Power kabla ya kuutumia, na bei hupanda kwa ngazi. Katika viwango vilivyoanza Januari 2020, ngazi ya chini kabisa ya nyumba za kuishi ilikoma kwenye uniti 15 kwa mwezi, kwa faranga 89 kila uniti, na iliyofuata ikawa faranga 212. Viwango hubadilika, lakini funzo lake halibadiliki: uniti za sinema huongezwa juu ya zile za taa na pasi, na ndizo zinazoweza kuipandisha nyumba ngazi. Taa ya mtambo nayo ina umri wake. Ya zamani hudumu saa 3,000 hadi 5,000, na za LED au za leza mara nyingi huhesabiwa saa 20,000 au zaidi.

JIKO LA MKAA LISIINGIE

Watu sita katika chumba cha meta tisa za mraba, mlango umefungwa, dirisha limefunikwa kwa blanketi, na mtambo unapuliza joto: hewa huchafuka mapema kuliko filamu inavyokwisha. Watoto husinzia na watu wazima huona kichwa kizito. Usiku wa Kigali huwa na ubaridi, na hapo ndipo mtu huweza kushawishika kuliingiza ndani jiko la mkaa, lile waitalo imbabura, ili chumba kipate joto na maharagwe yaive huku picha ikiendelea.

Jambo hilo ni hatari ya mauti. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Haimchomi mtu koo, wala haimliwazi, humlaza tu. Katika chumba kilichozibwa kwa ajili ya giza, watazamaji waweza kulala wote mbele ya picha inayoendelea, na asiwepo wa kumwamsha mwenzake. Hakuna sinema inayostahili hatari hiyo. Jiko libaki nje hata kama makaa yameonekana kuwa majivu, na wenye baridi wajifunike mablanketi.

Giza na hewa vyaweza kupatanishwa. Pazia litundikwe sentimeta kumi mbele ya dirisha, liwe pana na refu kupita dirisha lenyewe, na dirisha liachwe wazi kidogo nyuma yake. Hewa hupita pembeni mwa pazia, lakini mwanga haupiti moja kwa moja. Wavu wa mbu ubaki mahali pake. Katikati ya filamu, mlango ufunguliwe dakika tano, na wazee wanyooshe miguu.

SAUTI, NA JIRANI ALIYE NYUMA YA UKUTA

Spika iliyomo ndani ya projekta ndogo ni dhaifu, tena iko nyuma ya watazamaji, hivyo mtu huonekana akisema mbele na sauti yake ikatoka kisogoni. Spika mbili za kawaida, moja kila upande wa picha, zatosha. Zile zisizo na waya mara nyingine huchelewesha sauti hata midomo na maneno visilingane, kwa hiyo waya ni heri.

Sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi. Mkeka, pazia na kochi la kitambaa huupunguza. Wapenzi wa agasobanuye, yaani filamu zenye sauti ya mfasiri anayesimulia kwa Kinyarwanda juu ya maneno ya asili, wajue kwamba wanachohitaji ni sauti ya mtu iliyo wazi. Spika kubwa ya mvumo mzito huifunika sauti hiyo. Tena, katika chumba cha meta tatu mvumo wa chini hujirudia baina ya kuta na kuvimba, hasa spika ikiwekwa pembeni. Mvumo huo ndio unaopenya kwa jirani wakati maneno yenyewe hayasikiki kwake. Jirani hapati hadithi; hupata ngurumo peke yake. Rwanda ina sheria dhidi ya kelele, lakini ujirani mwema haungoji sheria. Mtu mmoja atoke nje akasikilize ukutani, kisha sauti ipunguzwe ipasavyo.

Na iwapo watu wataanza kulipa kiingilio, hapo si nyumbani tena. Hiyo ni biashara, nayo yahitaji ruhusa ya serikali na haki ya wenye filamu.

NANI ATAONDOLEWA?

Yote yaliyotangulia fundi aweza kuyatengeneza. Lililobaki ni la familia peke yake. Televisheni katika pembe yaweza kupuuzwa, lakini sinema ya ukuta mzima gizani haimwachi mtu. Mtoto mwenye mtihani hana taa ya kusomea. Bibi aliyezoea kulala mapema hana kitanda mpaka filamu iishe. Mama aliyeshinda sokoni hukuta chumba chake cha kupumzikia kimejaa vijana wa jirani.

Mke aweza kumwambia mumewe, "Baba watoto, mtambo huu umenunuliwa kwa fedha ya nyumba nzima, lakini usiku ni wako peke yako." Naye mume asikimbilie kujibu kwamba filamu ni za wote. Na akae na mkewe, waite na watoto, wapange: usiku gani ni wa sinema, usiku gani ni wa vitabu, na saa ngapi mtambo huzimwa. Nyumba nyingine itaona kwamba Ijumaa na Jumamosi zatosha. Siku ambazo mtu ni mgonjwa, au mgeni amekuja kutoka safari ndefu, pazia libaki limeviringishwa bila mjadala. Kazi za shule zimalizike kabla ya taa kuzimwa, na anayechagua filamu leo asiwe ndiye atakayechagua wiki ijayo.

Familia iliyopatana hivyo itashangaa jinsi chumba kidogo kinavyoweza kuwa na fadhila. Katika ukumbi mkubwa kila mtu hukaa na kiti chake, lakini katika meta tatu za Batsinda mtoto hukaa miguuni pa babu, na kicheko kikianza kwa mmoja huwafikia wote. Na familia ambayo, baada ya kupima kwa kamba na kanga na kuhesabu uniti za umeme, itaona kwamba chumba hakitoshi au usiku haugawanyiki, haijapoteza kitu. Fedha zake zingali sandukuni, na meza ya kusomea ingali mahali pake.